Nani Alitia Saini?

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 27 Januari 2013, soko kuu la Bujumbura liliungua. Moto ulianza mapema, vibanda vingi vikiwa bado vimefungwa, na siku haikuisha kabla soko kubwa kuliko yote nchini halijabaki nguzo na mabati yaliyojikunja. Zimamoto ilizidiwa tangu mwanzo, hata Rwanda ikatuma helikopta kusaidia. Wafanyabiashara waliokimbilia mjini kutoka Buyenzi, Kamenge, Musaga na Kinanira walikuta mali imekwisha. Wengi wao walikuwa wamenunua mali hiyo kwa mkopo wa benki, na bima hawakuwa nayo.

Siku zilizofuata mji mzima uliuliza swali moja: moto ulianzia wapi? Wengine walisema ni umeme, wengine wakasema kuna mkono wa mtu. Polisi wana haki ya kuuliza hivyo. Lakini anayetaka kujua kwa nini liliungua soko zima badala ya kibanda kimoja, jibu la swali hilo halimfikishi mbali. Cheche hutokea katika kila soko duniani. Kinachoamua kama cheche itazimwa kwa ndoo mbili za mchanga au itakula mtaji wa maelfu ya familia ni mambo yaliyopangwa miaka mingi kabla yake: upana wa njia kati ya safu za vibanda, anayekagua nyaya, mahali bomba la maji ya zimamoto lilipo na kama lina maji, na namba ambayo mlinzi wa usiku anaweza kuipiga ikapokewa.

Soko lile halikuwa uwanja usio na mwenyewe. Lilikuwa na kampuni ya kulisimamia, SOGEMAC, na kila mwenye kibanda alijua kodi inalipwa wapi na lini. Mtu anayepokea kodi ya kibanda anadaiwa pia njia ya kupitisha gari la zimamoto. Deni hilo haliandikwi kwenye risiti, na ndiyo maana husahaulika hadi siku ya moto.

Miaka minane baadaye, usiku wa tarehe 10 Julai 2021, soko la Kariakoo jijini Dar es Salaam nalo likashika moto. Serikali ya Tanzania iliwasimamisha kazi viongozi wa shirika la soko, ikaunda tume, kisha ikatoa fedha soko lijengwe upya. Mtu anaweza kubishana kuhusu tume hiyo, lakini angalau kulikuwa na viongozi wa kusimamishwa, wenye vyeo na majina. Bujumbura, eneo la soko la zamani lilikaa miaka mingi bila kujengwa. Wafanyabiashara walitawanyika kwenye masoko ya mitaani, yenye msongamano uleule na nyaya zilezile.

Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna msemo wa faraja unaotajwa msibani: ajali haina kinga. Kwa mfiwa ni maneno mema. Kwa mkurugenzi wa kampuni, au kwa waziri anayesimama mbele ya maikrofoni majivu yakiwa bado moto, ni kichaka cha kujifichia. Ukichunguza majanga makubwa ya viwanda, masoko na mafuta katika ukanda wetu, utakuta karibu yote yalikuwa na kinga, na kinga hiyo iliondolewa, iliahirishwa, au haikununuliwa kabisa. Kuna mtu aliyejua hivyo, na kuna mtu aliyetia saini. Wajibu ufuatwe huko, kwenye ujuzi na kwenye saini. Sisi hatufanyi hivyo. Tunautafuta kwenye mkono wa mwisho uliogusa kitu kabla hakijalipuka.

Mafuta yanalionyesha jambo hili wazi kuliko kitu kingine chochote. Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka Sange, katika bonde la Ruzizi upande wa Kongo, si mbali na Bujumbura. Ilikuwa jioni ya Kombe la Dunia, Ghana ikicheza na Uruguay, na watu walikuwa wamejazana kwenye kibanda cha kuonyeshea mpira kando ya barabara. Mafuta yalimwagika, watu wakaanza kuyachota, moto ukalipuka. Zaidi ya watu 230 walikufa, wakiwamo watoto na watu waliokuwa wakitazama mpira wala hawakugusa ndoo. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 12 Septemba 2011, petroli ilivuja kutoka kwenye mtambo wa kampuni ya bomba la mafuta ya Kenya, ikaingia kwenye mfereji wa maji ya mvua hadi mtaa wa Sinai, Nairobi. Waliokufa walikaribia mia moja. Tarehe 10 Agosti 2019 ikawa zamu ya Msamvu, Morogoro: lori lilipinduka, watu wakaja na madumu, na idadi ya waliokufa ikapanda siku baada ya siku hospitalini hadi ikapita mia moja. Kabla ya yote hayo kulikuwa na Sachangwan, karibu na Molo nchini Kenya, tarehe 31 Januari 2009, nako walikufa zaidi ya mia.

Mara zote nne maelezo yaliyosikika kwa sauti kubwa yalikuwa yaleyale: tamaa na ujinga wa watu. Sitawatetea waliochota mafuta kwa kusema hawakujua. Baada ya Sachangwan na Sange, wengi walijua. Lakini maelezo hayo yana kasoro moja kubwa, nayo ni kwamba yanaanzia hadithi kwenye ukurasa wa mwisho. Katika ajali ya lori, kati ya kupinduka na mlipuko huwa kuna muda. Ukitosha watu kufika na madumu, unatosha pia kuwazuia, ikiwa yupo aliyefunzwa, aliyelipwa na aliyeamriwa kufanya hivyo. Kampuni inayosafirisha makumi ya maelfu ya lita za petroli katikati ya vijiji maskini inajua fika kwamba siku lori litakapopinduka watu watakuja. Jambo linalojulikana mapema kiasi hicho huwekwa kwenye mpango: dereva ana namba gani, nani anafika na povu, polisi wa kituo kipi wanafunga barabara, fidia inatoka mfuko gani. Asiyeweka mpango huo amekwisha kuamua hasara itaangukia nani.

Sinai inatufundisha zaidi, kwa sababu pale hapakuwa na dereva wa kulaumu. Hoja iliyotolewa ni kwamba wakazi walijenga kwenye hifadhi ya bomba, kinyume cha sheria. Ni kweli, vibanda vilikuwa pale. Lakini vilikuwapo kwa miaka, vikionekana na kila fundi aliyepita kukagua bomba. Kujua kwamba watu wanaishi juu ya bomba lako hakukupunguzii wajibu. Kunakuongezea. Kama huwezi kuwahamisha, basi vali, vipima mgandamizo na mifereji yako vinapaswa kuwa vya hali ya juu kuliko kama bomba lingepita nyikani. Hoja ya "walikuwa mahali wasipopaswa kuwa" ina ladha ya zamani sana. Wamiliki wa migodi ya makaa ya mawe huko Ulaya waliitumia dhidi ya wachimbaji wao wenyewe.

Mambo haya si ya Afrika peke yake. Bhopal, India, usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984, kiwanda cha Union Carbide kilitoa wingu la gesi ya sumu lililoua maelfu ya watu waliokuwa wamelala. Mtambo wa kupoza tangi la kemikali iliyotoa gesi hiyo ulikuwa umezimwa tangu Juni. Mnara wa kuchomea gesi inayovuja haukuwa ukifanya kazi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoharibika usiku ule. Vilikuwa vimezimwa au kuachwa kwa uamuzi wa watu, na uamuzi wa namna hiyo hupitia ofisi yenye hesabu za matumizi. Mwaka 1989 kampuni ililipa dola milioni 470 kumaliza madai yote. Mwaka 2010, miaka zaidi ya 25 baadaye, mahakama ya India iliwatia hatiani maofisa saba wa kampuni tanzu na kuwapa kifungo cha miaka miwili.

Na kuna Rana Plaza, nje kidogo ya Dhaka. Tarehe 23 Aprili 2013 nyufa zilionekana kwenye jengo hilo la ghorofa nane. Tawi la benki lililokuwa ndani liliwarudisha wafanyakazi wake nyumbani. Mafundi cherehani wa viwanda vya nguo, waliokuwa kwenye jengo hilohilo, waliamriwa warudi kazini kesho yake. Jengo liliporomoka asubuhi ya tarehe 24, likaua watu 1,134. Kila ninaposikia mtu akisema hatari ile haikuonekana, hukumbuka benki ile. Ufa ulikuwa mmoja. Kilichotofautiana ni nani alikuwa na uwezo wa kusema "siingii" na bado akapata mshahara wa mwezi.

Sasa turudi Bujumbura, kwa sababu hapa jambo limechukua sura ambayo vitabu vya usalama wa viwanda havijaizoea. Kinanira, upande wa kusini wa mji, si eneo la viwanda. Ni mtaa wa makazi: nyumba zenye uzio, maduka madogo, shule, na barabara ya taifa namba 7 ikipita Musaga jirani kupanda milimani kuelekea Ijenda. Ukimwuliza mkazi wake kuhusu majanga ya viwandani atakuelekeza kaskazini, kwenye viwanda na maghala ya mafuta. Lakini tangu uhaba mkubwa wa mafuta ulipoanza, na hasa tangu foleni za magari kwenye vituo zilipoanza kuhesabiwa kwa siku badala ya saa, mitaa kama hii imegeuka ghala bila kujenga hata ukuta mmoja. Petroli inavushwa kwa magendo kutoka Kongo, inauzwa kwa chupa na bidoni, na mwenye gari au pikipiki akibahatika kuipata haachi kuweka akiba. Bidoni la lita 20 hukaa stoo, chini ya ngazi, wakati mwingine hatua chache tu kutoka kwenye jiko la makaa.

Mafundi wa mafuta watakuambia kwamba petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Katika joto la Bujumbura haihitaji kushawishiwa. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupandi juu ukapotea. Hutambaa sakafuni, hupita chini ya mlango, huenda hadi unapokutana na kaa la moto. Ndiyo maana ghala halali la mafuta lina mapengo ya mita kadhaa kutoka kwa jirani, kingo za kuzuia yaliyomwagika, nyaya zisizotoa cheche, na povu. Gharama zote hizo kampuni ya mafuta ilipaswa kuzilipa. Uhaba umezifuta kwenye vitabu vya hesabu na kuihamishia hatari yenyewe chumbani kwa mama mwenye watoto, ambaye hana cheti, hana bima, wala hana kizima moto.

Nani basi anawajibika siku bidoni moja la Kinanira litakapowaka? Polisi watamkuta mwenye nyumba, na sheria itakuwa upande wao. Lakini ukipanda ngazi kutoka kwenye bidoni hilo unakuta uhaba wa fedha za kigeni, halafu maamuzi kuhusu nani aruhusiwe kuagiza mafuta. Kazi hiyo ilikabidhiwa Regideso, shirika la maji na umeme, kisha ikaundwa kampuni mpya ya mafuta, SOPEBU. Serikali inapokuwa mwagizaji, msambazaji na mkaguzi kwa wakati mmoja, anayepaswa kuuliza maswali ndiye anayepaswa kuyajibu. Sisemi kampuni binafsi zingefanya vizuri zaidi, maana Bhopal na Rana Plaza zilikuwa za watu binafsi. Ninachosema ni kwamba wajibu wa kampuni hauishi kwa sababu mwenye kampuni ni dola. Shirika la umma linaloshindwa kujaza vituo linajua mafuta yatapita njia gani na yatalala wapi. Hatari ya bidoni la ndani ya nyumba ni sehemu ya mizania yake, hata kama mhasibu wake haioni.

Sheria si kwamba haipo. Burundi ilipata Kanuni ya Mazingira mwaka 2000 na kuifanyia marekebisho 2021. Amri ya mwaka 2010 inaeleza namna ya kufanya tathmini ya athari kwa mazingira kabla mradi haujaanza. Kanuni ya Kazi ilifanyiwa marekebisho 2020. Mfuko wa INSS hulipa fidia ya ajali kazini. Lakini mfuko huo humfikia mwenye ajira rasmi. Mchukuzi wa mizigo sokoni, muuza petroli wa chupa na kijana anayeshika nyuma ya lori kwa baiskeli kwenye mlima wa Bugarama hawamo kwenye daftari lake, na hao ndio wanaosimama karibu zaidi na hatari. Kuhusu tathmini za athari, kote Afrika Mashariki utaratibu una udhaifu mmoja: mwenye mradi ndiye anayemlipa mtaalamu anayeandika ripoti. Karatasi inayolipiwa na mteja huwa na adabu kwa mteja. Kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises huko Karachi kilipata cheti cha kimataifa cha mazingira bora ya kazi Agosti 2012. Septemba 11 mwaka huohuo kiliungua, na zaidi ya wafanyakazi 250 wakafia ndani.

Basi je, kuna mahali katika ukanda wetu ambapo mahakama iliwahi kufuata saini badala ya cheche? Pako Mombasa. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri za zamani ili kupata risasi kilifunguliwa ukutani kwa kijiji cha Owino Uhuru, chenye wakazi wapatao 3,000. Moshi wake ulishuka juu ya mabati na maji machafu yakapita mlangoni kwa watu. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa na kiwanda hicho, aligundua kwamba mtoto wake anayenyonya ana sumu ya risasi mwilini. Aliacha kazi, akaanza kuwaunganisha wakazi, akatishwa, akakamatwa, akaendelea. Kiwanda kilifungwa 2014. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Fedha ni nyingi, lakini kilichonivutia mimi zaidi ni orodha ya wadaiwa. Jaji hakuishia kwa mwenye kiwanda. Alizigawia sehemu ya deni wizara na mamlaka ya maeneo ya viwanda vya kuuza nje. NEMA, mamlaka ya mazingira ambayo kazi yake ilikuwa kuzuia jambo hilo lisitokee, ilikuwemo kwenye orodha na ikabebeshwa mzigo mkubwa. Kwa maneno mengine, mahakama iliwauliza mmoja mmoja: wewe ulijua nini, lini, na karatasi gani ilipita mezani kwako? Ndilo swali ambalo wafanyabiashara wa soko kuu la Bujumbura walistahili kuulizwa kwa niaba yao mwaka 2013.

Sitaki kuipamba Mombasa. Mahakama ya Rufaa ilitengua sehemu ya hukumu hiyo 2023, na wakazi walilazimika kwenda hadi Mahakama ya Juu, iliyowarudishia haki yao Desemba 2024. Kutoka moshi wa kwanza hadi hapo ni miaka 17. Mtoto aliyezaliwa kiwanda kikifunguliwa alikuwa anakaribia kupiga kura. Katika kesi ya bwawa la Patel huko Solai, Nakuru, lililopasuka usiku wa tarehe 9 Mei 2018 na kuua watu wasiopungua 47, mashtaka ya jinai yalipanda na kushuka ngazi za mahakama ilhali ilishasemwa hadharani kwamba bwawa halikuwa na kibali. Kwa kampuni yenye mawakili wa kulipwa kwa mwezi, kuchelewa kwa kesi ni ushindi wa nusu.

Ndiyo maana naamini fidia, pamoja na umuhimu wake, huja imechelewa kiasi cha kutomtisha mkurugenzi aliyeko kazini leo. Kinachoweza kumtisha ni jirani anayejua. Baada ya Rana Plaza, kampuni kubwa za nguo zilitia saini makubaliano ya kisheria na vyama vya wafanyakazi, na ripoti za ukaguzi wa kila kiwanda zikawekwa hadharani, jina la kiwanda likitajwa na kasoro zikitajwa. Mshonaji aliweza kujua kwamba ngazi ya dharura ya jengo lake imeandikwa mbovu. Katika miji yetu ukaguzi ni siri kati ya ofisi mbili. Ghala la mafuta, soko, kiwanda cha sabuni, kituo cha gesi: ripoti ya mkaguzi ikiwapo huingia kwenye faili, na faili huingia kabatini.

Madhara ya siri hiyo yalionekana Embakasi, Nairobi. Karibu na usiku wa manane, tarehe 1 Februari 2024, lori lililobeba gesi lililipuka kwenye kituo cha kujazia mitungi katika mtaa wa Mradi. Moto uliruka juu ya maghorofa, watu kadhaa wakafa na zaidi ya 270 wakajeruhiwa. Kesho yake EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, ilitoa taarifa kwamba mwenye kituo aliomba kibali cha ujenzi mara tatu mwaka 2023, Machi, Juni na Julai, na mara zote alikataliwa, kwa sababu michoro haikufikia viwango vya usalama na watu wanaozunguka eneo hilo ni wengi mno. NEMA, kwa upande wake, ilikuwa imetoa leseni ya mazingira mapema mwaka huo, na baada ya moto ikabidi maofisa wake wasimamishwe kazi. EPRA ilitoa taarifa ile kujitetea, nayo ilikuwa na hoja: ilikataa. Lakini wapangaji wa Mradi walisikia kuhusu barua hizo za kukataa kwa mara ya kwanza wakati wakitafuta ndugu zao hospitalini. Laiti ile ya kwanza ingebandikwa getini siku iliyotiwa saini, wangekuwa na miezi mingi ya kuuliza kwa nini malori ya gesi bado yanaingia.